Lango la Autun si vitisho vitupu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu makanisa ya kale ya Ulaya ilieleza michongo ya malangoni kuwa vitisho vya kuwaogofya wasiojua kusoma, ikatoa mfano wa Hukumu ya Mwisho katika kanisa kuu la Mtakatifu Lazaro, mjini Autun, Ufaransa. Nimesimama chini ya lango hilo mara mbili, macho juu mpaka shingo ikauma. Naomba kupinga.

Vitisho vipo, sikatai. Juu ya mlango wa magharibi kuna nusu duara ya mawe iliyochongwa karibu mwaka 1130. Kristo ameketi katikati, mkubwa kuliko wote, mikono ameitandaza. Kushoto kwake roho zinapimwa, na shetani aliyekonda anavuta mizani ili apunje. Chini zaidi, kwenye linta, yaani jiwe refu lililolala juu ya mlango, viganja viwili vikubwa vimebana kichwa cha mtu. Maandishi ya Kilatini ya upande huo yanasema kitisho hiki kiwatishe waliofungwa na upotofu wa dunia.

Mwandishi wenu aliishia hapo. Angetazama vazi la Malaika Mikaeli, palepale penye mizani, angeona roho mbili ndogo zimeling'ang'ania, kama watoto wanavyojificha kwenye kanga ya mama mgeni anapobisha hodi. Ziko upande wa hukumu, hatua chache tu kutoka kwa mashetani, na kuna aliyezipatia pa kushika.

Upande wa kuume wa Kristo malaika anaiinua roho na kuipenyeza kwenye tao la Yerusalemu ya mbinguni. Kwenye linta, kati ya wanaofufuka, wamo mahujaji wawili na mikoba yao: mmoja una msalaba, alama ya safari ya Yerusalemu, mwingine kombe la pwani, alama ya hija ya Santiago de Compostela, huko Uhispania. Wametoka kaburini na mkoba hawakuuacha! Maandishi ya hapo yanaahidi kwamba asiyevutwa na maisha maovu atafufuka hivyo, na taa ya mchana itamwangazia bila mwisho. Hicho nacho ni kitisho?

Lango la kaskazini ndilo lililokuwa na Eva. Amejinyoosha kati ya majani, kiganja shavuni, na mkono mwingine nyuma yake unachuma tunda bila yeye kulitazama. Sijaona mkosaji aliyechongwa kwa upole kiasi hicho. Lango hilo lilibomolewa, na jiwe la Eva likajengewa nyumba ya mtu. Lilipatikana mwaka 1856 nyumba ilipovunjwa, na sasa limo katika jumba la makumbusho la Rolin, hapohapo Autun.

Hukumu yenyewe ilipigwa lipu mwaka 1766, kwa kuwa wakuu wa kanisa waliiona mbaya. Kichwa cha Kristo kilikuwa kimetokeza, wakakikata ili lipu ikae sawa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja kuvunja michongo ya makanisa mengi, hii ilikuwa imefichika. Lipu ilibanduliwa mwaka 1837, kichwa kikarudishwa mahali pake mwaka 1948.

Mkiirudia mada hii, naomba mchapishe picha ya lango zima, upande wa kuume ukiwemo, na iwe kubwa kiasi cha kuonyesha lile vazi la Mikaeli.

Msomaji wenu,
Lyon, Ufaransa