Pesa za makopo ya Mzee

Dada mpendwa,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa watoto. Ujumbe wa Baba Mdogo, wa kutaka pesa za makopo ya unga wa kinywaji cha lishe kwa Mzee anayetumia dawa za TB, umenifika, pamoja na lile neno lake kwamba Leeds, huku Uingereza, imenifanya mkono wa birika. Limeniuma. Lishe ya wagonjwa ndiyo kazi yangu, na mgonjwa akianza kurudisha sahani, wadi nzima huniita. Kwa nini kwa Mzee asikilizwe mwuza makopo wa Kondele?

Pesa nimetuma kwa M-Pesa yako, si kwa ya Shemeji. Ni za maziwa ya unga, mayai, njugu na nauli ya kliniki, si za makopo.

Kutoka kilo 70 hadi 62 kwa miezi minne, Mzee amepoteza zaidi ya asilimia 11. Huku, ikipita asilimia 10 ndani ya miezi mitatu hadi sita bila mtu kukusudia, anahesabiwa yuko kwenye hatari kubwa. Kwa hiyo sipuuzi, wala sisemi makopo ni bure. Mapitio ya 2011 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalionyesha kwamba ushauri wa chakula, pamoja na vinywaji vya lishe au bila hivyo, unaweza kuongeza uzito. Kwamba vinarefusha maisha, hilo halikuthibitika.

Kinachoharibu ni namna mnavyompa. Shemeji anapunguza vipimo ili kopo lidumu, kwa hiyo Mzee anakunywa maji matamu. Tena anampa saa sita na nusu, ugali ukija ameshiba. Hapo hakuna kilichoongezeka. Kinywaji kama hicho hunywewa katikati ya milo, kwa kipimo kilichoandikwa.

Anzeni na uji. Kikombe cha uji wa wimbi kitiwe vijiko vikubwa viwili vya maziwa ya unga, kimoja cha njugu zilizosagwa, kijiko kidogo cha mafuta na cha sukari. Hizo ni zaidi ya kalori 200 juu ya uji wenyewe. Chupa ya kinywaji cha lishe ya mililita 200 tunayotumia huku mara nyingi ina kalori 300. Uji mwepesi ni maji, ila mzito unamchosha. Basi upikeni mzito, upoe kidogo, mtie kijiko cha unga wa kimea, mkoroge na kungoja dakika chache. Utalegea bila kuongezwa maji. Kisha uchemke tena. Omena, yaani dagaa, za soko la Kibuye (nazitamani mpaka usingizini!) zioshwe, zikaangwe kavu, zisagwe, zinyunyizwe kwenye mboga. Sahani iwe ndogo, mara tano au sita kwa siku.

Lakini kama kinachomzuia ni kichefuchefu cha dawa za TB, vidonda mdomoni au kukohoa akimeza, uji hautatibu hayo. Mwambieni mhudumu wa kliniki, na Mzee amwone mtaalamu wa lishe. Uzito uliobadilika nao lazima wauone, maana kipimo cha vidonge vya TB hutegemea kilo za mgonjwa. Muulize pia kama anastahili ule unga ulioongezewa virutubisho.

Mpime kila wiki, asubuhi, mizani ileile, na uniandikie kila alichokula kwa siku tatu. Mwezi ukiisha na kilo hazijapanda, au zikizidi kushuka kabla ya hapo, nitanunua makopo mimi mwenyewe, na Baba Mdogo umwambie hivyo.

Kaka yako