Waacheni watoto watengeneze farasi wa Odin

Mhariri, kila Oktoba 31 ikikaribia hapa Kisumu naskia wazazi wakisema Halloween, ile sikukuu ya watoto kuvaa barakoa, ni ushetani, na mimi naheshimu imani ya kila mtu lakini kazi ya mikono ya mtoto mbona tuikataze? Mtaani kwetu wanachukua magazeti ya zamani, katoni za duka na uji mzito wa unga wa ngano, wanatengeneza viumbe wa hadithi za kale za Skandinavia. Kuna Sleipnir, farasi mwenye miguu minane wa Odin, mungu mkuu wa hadithi hizo, na hiyo miguu ndio kazi yenyewe, kila mmoja unaviringishwa na kukaushwa juani kivyake kabla ubandikwe, usipokauka farasi analala chini. Kunguru wawili wa Odin, Huginn na Muninn, wanapakwa masizi ya jikoni. Barakoa ya Hel, malkia wa kuzimu, ni nusu rangi ya mtu, nusu buluu nzito. Zile kofia za pembe za plastiki msinunue, Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, hawakuvaa hizo vitani na zitaishia tu ziwani. Walimu wa CBC, huu mtaala wa umilisi, si mnatafutanga kazi za sanaa za bei rahisi? Chukueni hii, na mtoto akimaliza kusimulia ya Odin mwambieni asimulie pia ya Lwanda Magere, shujaa wetu wa hadithi za Waluo.

Mama mzazi, Kisumu