Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kenya: medali mnailipa, safari ya kuifuata hamuilipi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Jericho, Nairobi. Mimi ni kocha wa kunyanyua uzani. Ukocha haunilipi, kinachonilisha ni kuchomelea mageti na madirisha. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoandika kwa utaratibu zimelala kwenye faili, nami nimechoka kuulizwa "uliandika lini?" na makarani ambao muhuri wa ofisi yao uko kwenye nakala yangu.

Nina binti ninayemfundisha, jina lake nalihifadhi kwa sababu hajanituma. Wakati huo alikuwa akinyanyua katika daraja la uzito la kilo 59, na siku za kawaida alikuwa na kama kilo 61. Kwa asiyeujua mchezo huu, mpimo huanza saa mbili kabla ya kushindana, na ukizidi hata kwa gramu mia, daraja hilo huliingii. Kwa hiyo wiki moja kabla ya mashindano ya bara binti huyu aliishi kwa mayai ya kuchemsha na matango. Chumvi aliacha. Siku tatu za mwisho alikuwa akipiga funda la maji pale ambapo angekunywa kikombe. Kila jioni alikuja karakana kupanda mzani ninaopimia vyuma chakavu, nami naandika kwa chaki ukutani: Jumatatu 60.2, Jumanne 59.6, Jumatano 59.1. Alhamisi asubuhi ikasoma 58.8, akacheka peke yake.

Tiketi yake ilikuwa itoke Jumatatu. Ilitoka Alhamisi hiyo saa nane mchana. Afisa alinipigia kwa furaha ya kweli kunijulisha kwamba pesa zimeidhinishwa, na kwamba ndege ni ya Jumamosi usiku. Daraja la kilo 59 lilikuwa linashindana Ijumaa. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hatuwezi kuwaomba waandaaji wasogeze siku.

Binti alienda kibandani akanunua chapati mbili na maharagwe, akala amesimama, akaenda nyumbani. Zile namba bado ziko ukutani. Sijazifuta kwa sababu nilitaka kwanza nikuandikie.

Sasa utaniambia, kama nilivyoambiwa na wengine, kwamba mashindano ni mengi, likikupita hili utaenda lile. Kwa mkimbiaji, huenda. Mkimbiaji wetu akipata siku moja nzuri, kwenye uwanja mmoja unaotambulika, muda wake ukafika kiwango, Olimpiki inaanza kunukia. Sisi wa vyuma na wenzetu wa vitara, ule mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba, hatufuzu hivyo. Sisi tunafuzu kwa orodha ya dunia, ile inayopanga wachezaji kwa matokeo ya mashindano yao, na orodha haikujui usipohudhuria.

Chukua safari ya Paris 2024. Shirikisho la dunia la kunyanyua uzani lilitaja mashindano saba ya kufuzu. Mawili yalikuwa ya bara lako. Mengine yalikuwa Bogotá Desemba 2022, Havana Juni 2023, Riyadh Septemba 2023, Doha Desemba 2023 na Phuket, Thailand, Aprili 2024. Mnyanyuaji alitakiwa ashiriki angalau matano, na Riyadh na Phuket zilikuwa lazima. Ukikosa mojawapo ya hizo mbili, hata ukinyanyua gari karakanani kwangu, jina lako halimo. Baada ya hapo ndipo wakachukuliwa kumi bora wa kila daraja, na nafasi chache pembeni. Na nafasi zenyewe zinapungua kila mara: Rio 2016 wanyanyuaji walikuwa 260, Tokyo 196, Paris 120. Los Angeles 2028 ni 120 tena, ila madaraja yameongezwa kutoka kumi hadi kumi na mawili, kwa hiyo kila daraja litabaki na watu wachache kuliko Paris.

Pigia hesabu nauli hizo, Mheshimiwa, kwa mtu mmoja na kocha wake. Ndipo utaona kwamba mtu wetu hushindwa kabla hajashika chuma, tena hushindwa na kalenda na kaunta ya shirika la ndege.

Mwaka 2021 jirani zetu Waganda walilipata somo hili kwa namna ya aibu, na ninalitaja si kwa kuwacheka. Timu yao ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kutua Japani kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, Juni, wakaweka kambi katika mji wa Izumisano, Osaka. Ndani ya timu alikuwemo mnyanyuaji wa miaka 20, Julius Ssekitoleko. Akiwa kambini tayari, amevuka bara na bahari, ndipo akaambiwa kwamba nafasi yake kwenye orodha haitoshi na atarudishwa nyumbani. Tarehe 16 Julai hakuonekana kwenye kipimo cha korona. Chumbani alikuwa ameacha maandishi: maisha Uganda ni magumu, anataka kubaki Japani afanye kazi. Alikuwa amekata tiketi ya treni ya mwendo kasi kwenda Nagoya. Polisi walimpata siku nne baadaye Yokkaichi, akarudishwa Uganda, na huko nako polisi wakamshikilia siku kadhaa wakimhoji.

Magazeti ya dunia yaliandika juu ya mtoro. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine: nani alimpandisha kijana yule ndege bila kuisoma orodha? Orodha iko wazi, mtu yeyote mwenye simu anaiona. Kijana amebebeshwa matumaini ya nchi nzima kwa kilo zote zile, halafu karatasi ambayo ilikuwa kazi ya mtu wa ofisini kuifuata ndiyo inayomwangusha. Na aliyehojiwa ni nani? Kijana.

Vitara navyo ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Mkenya wa kwanza kucheza vitara Olimpiki ni Alexandra Ndolo, Paris 2024. Baba yake ni Mkenya, mama yake Mpoland, naye amezaliwa na kulelewa Ujerumani. Julai 2022 alipata medali ya fedha ya dunia jijini Cairo katika epe, ile silaha ambayo mwili mzima ni shabaha, akiwa bado anachezea Ujerumani. Kisha akaja kwetu. Aprili 2024 alishinda mashindano ya Afrika ya kufuzu pale Algiers. Yale mashindano hayana huruma: katika kila silaha anachukuliwa mshindi peke yake. Wa pili anakunja begi.

Nilishangilia kama Wakenya wote. Lakini tuambiane ukweli, Ndolo alitufikia akiwa ameiva. Waliomfundisha, waliomlipia mashindano ya miaka mingi ya ujana wake, ni klabu na mfumo wa nchi nyingine. Sisi tulimpa bendera, naye akatupa heshima. Swali langu ni la wale wasio na Ujerumani ya kuanzia. Kule Mathare, Mburu Wanyoike na klabu yake ya Tsavora Fencing Mtaani wanafundisha watoto wa mtaa vitara. Hao nao wakikua wataambiwa habari ya orodha. Pointi za vitara hazikai milele. Zinahesabiwa za msimu, mashindano ya mwaka huu yanafuta ya mwaka jana. Usiposafiri unashuka, hata kama hujapoteza pambano hata moja.

Niliwahi kutazama mazoezi ya vitara ambayo hayakuwa na ile mashine ya taa. Katika epe, ncha ya silaha ina kitufe, na ni lazima kisukumwe kwa nguvu ya gramu 750 ndipo taa iwake. Wote wawili wakigusana ndani ya takriban sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, wote wanapata pointi. Jicho la binadamu haliwezi kazi hiyo. Basi pale mazoezini ilikuwa ni "nimekugusa!" "hujanigusa!" na kocha anaamua kwa kukisia, kama mzee wa nyumba kumi. Watoto wepesi kweli kweli, miguu kama ya paka. Lakini wanajifunza mchezo ambao si ule watakaoukuta Algiers.

Nasi tuna yetu. Mtaimbo wa mashindano ya wanawake una kilo 15 na unene wa milimita 25, na ncha zake zinazunguka juu ya beringi, ili sahani za uzani zikizunguka zisiuburute mkono. Wetu niliuchomelea mwenyewe kwa bomba la chuma na mhimili wa mkokoteni. Ncha hazizunguki. Kwa hiyo binti akivuta chuma kwa mkupuo mmoja hadi juu ya kichwa, sahani zinaendelea kuzunguka, na kinachozizuia ni kifundo cha mkono wake. Anafunga kitambaa, anaendelea. Siku ya kwanza aliyoshika mtaimbo halisi, kwenye jimu ya watu wenye pesa ambako tuliomba saa moja, aliongeza kilo nne papo hapo, akanigeukia na kuniuliza, "Kocha, hiki ni chuma gani?" Mimi ndiye fundi aliyeuchomelea ule mwingine. Sikuwa na la kumjibu.

Sikuombi mtaimbo, Mheshimiwa. Nimeutaja ili ujue kwamba hatuji kwako mikono mitupu. Ya mtaani tunajitafutia wenyewe, ila visa na tiketi za ndege hazichomelewi.

Mapema mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba dhahabu ya Olimpiki sasa ni shilingi milioni 3, kutoka 750,000. Ni jambo jema na sina kinyongo nalo. Lakini hiyo ni pesa ya mwisho wa safari, na anayeipata kwa kawaida ameshapata wadhamini. Paris tulirudi na medali 11, zote za riadha. Wizara ikitazama hesabu hiyo inasema, tuweke pesa kwenye mbio, huko ndiko kunakolipa. Ndiyo maana barua zetu hukaa chini ya rundo. Nami nauliza, vyuma vitalipa lini kama mnyanyuaji hajawahi kufika mahali pa kuhesabiwa? Mwaka 2008 Mkenya Mercy Obiero alitunyanyulia uzani Olimpiki ya Beijing. Inawezekana, ilishafanyika.

Pesa pia zipo, na hapa niseme la mtaani. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii hulishwa na kodi za kamari. Vijana wa Jericho wanaobeti kila wikendi ndio wafadhili wa michezo ya nchi hii, na hawajui. Mmoja wao ni kaka yake huyo binti. Amepoteza pesa za kutosha kumlipia dada yake nauli hadi Doha, na sehemu ya pesa hizo ilipitia kwenu.

Ombi langu ni moja, na linaingia kwenye nusu ukurasa. Mashirikisho ya dunia yakishatoa kalenda ya kufuzu kwa Los Angeles, wizara iketi na mashirikisho yetu yote yanayofuzu kwa orodha, si ya uzani na vitara tu, ijaze jedwali: mashindano gani ni ya lazima, nani anakwenda, nauli ni ngapi. Jedwali libandikwe hadharani. Kisha tiketi ikatwe siku 60 kabla, na ikishindikana tuambiwe siku hiyo ya 60, si Alhamisi saa nane mchana. Tukijua mapema kwamba hakuna, tutachangisha wenyewe, tutaenda msikitini na kanisani, tutauza mbuzi. Tunachoshindwa kuvumilia ni ile "subiri, iko mezani" inayotufunga mikono mpaka siku imepita. Na jedwali liwe na jina la afisa mmoja ambaye kazi yake ni kuisoma orodha ya dunia kila mwezi na kumwambia mchezaji yuko wapi, ili asije akaambiwa akiwa kambini ugenini.

Najua kuna viwanja vinajengwa na kukarabatiwa, AFCON ya 2027 inakuja, na mpira una watu. Mimi mwenyewe nitakuwa mbele ya runinga siku ya mechi kama kila mtu. Sisi gharama yetu ya mwaka mzima haifiki bei ya nyasi za goli moja.

Binti bado anakuja. Alipumzika wiki tatu, hakusema anakoenda, kisha Jumatatu moja nikamkuta karakanani ameshapanga sahani. Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni, nikishazima mashine ya kuchomelea. Ukipata nafasi karibu, lakini uache msafara barabarani kwa sababu uchochoro ni mwembamba, na njoo na viatu ambavyo havitaharibika. Namba za chaki nitakuonyesha. Nakala za barua zangu tatu, zenye muhuri wa kupokelewa, ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati.

Wako katika michezo,

Kocha wa vyuma, Jericho