Santuri za 78 zisisafishwe kwa spiriti

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kosa linaloua muziki wa zamani majumbani mwetu hapa Tanga: kufuta kila santuri kwa spiriti. Santuri za plastiki, za mwendo wa mizunguko 45 na 33 kwa dakika, huistahimili zikipata kidogo. Zile nzito za 78 haziiwezi kabisa. Nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu ambao mafundi seremala huuyeyusha kwa spiriti hiyo hiyo ili wang'arishie samani. Ukipitisha spiriti juu yake, kuta za mifereji hulainika na kuharibika, na sauti iliyochorwa humo hairudi tena.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliporekodi Bombay mwaka 1928, nyimbo zake zilitoka kwenye santuri za aina hiyo. Basi anayerithi sanduku la bibi yake atazame kwanza ameshika nini. Ya 78 ni nene, haipindiki, ikianguka huvunjika kama sahani ya udongo, na kwa kawaida ina upana wa inchi 10. Zile ndogo za inchi 7, za enzi za bendi zetu za Tanga, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ni nyepesi na hunepa kidogo mkononi.

Maji ya bomba au ya kisima cha pwani yana chumvi na chokaa. Yakikauka huacha chembe ndani ya mfereji, na sindano ikipita hukwaruza. Tumia maji safi yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, lakini usome chupa usije ukachukua asidi. Kwa lita 1, tia matone 3 ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Yanatosha. Kwa santuri ya plastiki yenye mafuta ya vidole unaweza kuongeza mililita 200 za spiriti safi isiyo na rangi wala manukato. Sabuni ya unga, dawa ya vioo, petroli na mafuta ya taa yaache. Mafuta ya nazi nayo yaache: huing'arisha santuri siku moja, kisha hunasa vumbi mwaka mzima.

Ondoa vumbi kavu kwanza. Ukilowesha juu ya vumbi umetengeneza msasa. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, kisha pitisha brashi laini ya kunyolea iliyolowa, ukifuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate katikati. Suuza mara mbili kwa maji yale yale yasiyo na sabuni. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa sindano inapokusanya uchafu mweupe. Santuri ya 78 usiiloweke. Ioshe upesi kwa maji baridi na uikaushe mara moja kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Yenye ufa isiguswe na maji kabisa.

Anika kwa kusimamisha, kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Jua la mchana, hasa nyuma ya kioo cha gari, huipinda santuri ya plastiki kama chapati.

Tatizo letu kubwa ni kuvu, hasa masika. Kuiosha santuri kisha kuirudisha kwenye karatasi ile ile yenye madoa ni kazi bure, kwa kuwa mbegu za kuvu zimo kwenye karatasi. Weka bahasha mpya ya karatasi kavu, zisimamishe kama vitabu, mbali na ukuta wenye unyevu.

Na sindano: mifereji ya 78 ni mipana, huhitaji sindano yake yenyewe. Gramafoni ya kukoroga hutumia sindano ya chuma inayobadilishwa kila upande mmoja ukiisha. Usiweke santuri ya plastiki kwenye gramafoni hiyo, maana mkono wake mzito huichimba mara ya kwanza tu.

Mtunza santuri,
Ngamiani, Tanga