Ubishi wa barazani na rai zisizobadilika

Mhariri,

Kila jioni hapa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, huwasikia wazee na vijana wakibishana, na sijamwona hata mmoja akiinuka barazani akiwa amekiri kwamba alikosea. Mwaka 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa wanafunzi 48, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga, maelezo yale yale ya tafiti mbili zilizokinzana, na kila upande ukasema umezidi kuushikilia msimamo wake. Nadhani mbele za watu mtu hulinda heshima yake kwanza, nami nimo; nilipobadili rai kuhusu mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa umepangwa hapa Lamu, nilikuwa nyumbani peke yangu, siku kadhaa baada ya ubishi kwisha.

Msomaji wenu,
Lamu