Zuhura, nina ombi la kura

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Najua tumenyamaziana tangu ile voisi yako ya mwezi uliopita, na mimi sikuijibu makusudi, manake ningejibu usiku ule tungekosana kikweli. Watoto wazima? Mama Swabra kashatoka hospitali? Huku sote twashukuru, baridi ndio inaanza na shifti za usiku zanimaliza, lakini hayo si mapya.

Nakuandikia kwa sababu nina ombi, na lenyewe ni refu, meseji haitoshi na simu tutapigiana kelele. Kwa hivo keti, na usiruke mistari kwenda mwisho kama unavofanya.

Ulisema nikimpigia kura Jill Stein wa chama cha Green hapa Michigan mwaka huu wa 2024 ni sawa na kumpigia Trump. Ukanitajia 2016, kwamba Trump alichukua jimbo hili kwa kura 10,704 na Stein alikuwa na zaidi ya elfu hamsini. Ukarudi mpaka Florida ya mwaka 2000, Bush kamshinda Gore kwa kura 537 na Nader, wa Green kama Stein, ana elfu tisini na kitu. Zuhura, hizo hesabu nazijua, kila miaka minne twasomewa. Mbona hakuna anayeuliza hao watu elfu hamsini walitaka nini wakakosa? Watu wanaziongelea zile kura kana kwamba zilikuwa mali ya Hillary, mtu akaja akaziiba. Kura ni ya mwenye kuipiga, na anayeitaka aje aiombe, alafu akishaomba anipe kitu.

Na mimi nliomba kwa adabu. Tarehe 27 mwezi wa pili tulienda kupiga kura ya mchujo ya Democrat, tukachagua kutojifunga na mgombea yeyote, ili Biden ajue kwamba mabomu yanayoenda Gaza yanatugusa. Tulikuwa zaidi ya laki moja Michigan nzima, asilimia 13 hivi. Tukafikiri hawa watasikia, hili ndilo jimbo wanalolihitaji. Biden akajitoa mwezi wa saba, akaja makamu wake Harris, nikasema labda. Mwezi wa nane mkutano mkuu wao Chicago, wajumbe waliopatikana kwa kura zetu wakaomba kitu kidogo tu, Mpalestina mmoja apewe dakika chache jukwaani, na hotuba yenyewe waisome kwanza. Wakakataliwa. Wakalala nje ya ukumbi. Alafu juzi tarehe 3 Harris yuko Wisconsin, mji wa Ripon, jukwaani kasimama na Liz Cheney, aliyekuwa mbunge wa Republican! Na babake, Dick Cheney yule yule makamu wa Bush wa vita vya Iraq, keshasema kura yake ni ya Harris, na watu wanafurahia. Yaani Cheney nafasi ipo, sisi hapana. Nlikuwa kazini, naangalia kwenye simu ya mwenzangu, nikasikia machozi yanataka kutoka kwa hasira.

Usinambie nimesahau Trump ni nani. Sikusahau vile shemegi yako alivokwama Nairobi 2017 ile marufuku yake ya kuingia Marekani ilipotoka na Somalia iko kwenye orodha, na mwenyewe anasema akirudi ataileta tena. Anasema atafukuza watu kwa mamilioni. Hapa Grand Rapids Wakongo wamejaa, wengi ndio kwanza wamefika kutoka kambini, kila siku naulizwa dada hii itakuwaje, na mimi nawajibu nini? Ndio maana silali. Nikimpigia Harris nahisi nimewaambia fanyeni mnavotaka, kura yangu mtaipata tu. Nikimpigia Stein na Trump akapita hapa kwa kura elfu mbili, nitamtazama vipi Mama Furaha pale ghorofa ya chini? Nikikaa nyumbani ndio mbaya zaidi, yeyote atakayepita mimi sikusema neno.

Sasa ombi lenyewe. Tubadilishane kura.

Ngoja, sikia kwanza. Wewe uko Maryland. Hapo Biden alipata zaidi ya asilimia 65 mwaka 2020, Harris atapita hata nusu ya Baltimore wakilala. Kura yako kwa Harris hapo haiongezi kitu, wale wajumbe 10 wa Maryland wanaomchagua rais wote ni wake tayari. Yangu hapa ndio inayogombaniwa, wajumbe 15, na kila siku napokea meseji na makaratasi mlangoni mpaka nimechoka. Kwa hivo mimi nimpigie Harris hapa kwa niaba yako, wewe umpigie Stein huko kwa niaba yangu. Wewe unapata unachotaka mahali kinapohesabika. Mimi pia kura yangu ya kweli inaandikwa mahali. Chama kikifika asilimia 5 ya kura zote za nchi kinapata sehemu ya pesa za serikali za kampeni uchaguzi unaofuata, na hapo kura ya Baltimore ni sawa kabisa na ya Grand Rapids. Sikudanganyi kwamba tutafika, Nader mwenyewe 2000 hakufika hata 3. Lakini mtu akija kuhesabu waliochoka, nataka niwe ndani ya hesabu.

Si jambo la kuvunja sheria, nimeulizia. 2000 watu walifanya hivi kwa ajili ya Gore na Nader, mkuu wa uchaguzi wa California akawatishia kuwashtaki, na 2007 mahakama ya rufaa ya huko magharibi ikasema hayo ni mazungumzo ya raia na katiba inayalinda. Mradi hakuna pesa. Pesa ikiingia hata shilingi ni kosa, kwa hivo zile dola unazonidai zisubiri, tusichanganye! Picha ya karatasi sitaki, ushahidi sitaki. Nataka neno lako tu, nimekujua tangu Makadara, neno lako latosha.

Na useneta usiuguse, hapo mpigie Alsobrooks wa Democrat, Hogan wa Republican amemkaribia na hapo kura yako inauma. Nazungumzia urais peke yake.

Najua Stein humpendi. Mimi mwenyewe simpendi hivo, anaonekana uchaguzi wa rais ukifika alafu chama chake hakina hata mbunge mmoja Washington, kazi ya kujenga kuanzia chini haionekani. Lakini nataka kusema nini tena na kwa karatasi gani? Kwenye karatasi ya hapa hata Robert Kennedy aliyekuwa mgombea binafsi bado yumo, na mwenyewe alishajitoa mwezi wa nane akaenda kwa Trump. Ni majina mengi lakini njia ni mbili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haikuwa lazima iwe hivi. Kule nyumbani Kenya na matatizo yetu yote, mtu asipofika nusu na moja kuna duru ya pili, unaweza kumpigia unayemtaka kwanza alafu ukarudi kumzuia usiyemtaka. Jimbo la Maine wameanza tangu 2018, unapanga wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa kwanza wako akianguka kura yako inahamia kwa wa pili. Alaska pia. Ningeandika Stein moja, Harris mbili, ningelala usingizi wangu, na wewe hungenitumia ile voisi. Ross Perot, mgombea binafsi, 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima na mjumbe hata mmoja hakupata! Na hivi vyama viwili vinagombana kila kitu ila hapo, hapo wanaelewana vizuri sana. Mmoja ana uhakika kwamba sina pa kwenda, na mwingine anafurahi nikiondoka. Ndio maana mshahara wa chini wa taifa uko dola 7.25 tangu 2009, wamepokezana Ikulu yao mara ngapi na bado ni 7.25. Harris huyu huyu 2017 alikuwa na seneta Bernie Sanders kwenye ule mswada wa bima ya afya kwa kila mtu, leo haugusi. Nani atamuuliza? Mimi? Nitamuuliza na nini, na kura yangu wanaijua iliko?

Alafu nikifungua habari za nyumbani, kina Joho na Mbadi wa upinzani wameingia baraza la Ruto, watoto walikufa barabarani mwezi wa sita na upinzani ukaenda kuapishwa. Na hili la kumng'oa naibu wake Gachagua sasa. Basi, hiyo siku nyingine, nikianza hapo sitamaliza.

Kijana wa kampeni alikuja mlangoni Jumamosi, mtoto mzuri, kachoka, nikampa chai. Nikamweleza yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema lakini mama, yule mwingine ni mbaya zaidi. Hakuwa na jibu lingine, na si kosa lake, hakupewa lingine. Nilipoapa uraia nlisimama pale nimeshika kile kibendera nikafikiri sasa nami nitaulizwa. Sikujua nitaulizwa swali hilo moja tu kila mara, unamwogopa nani.

Kwa hivo niambie. Utakubali? Au wewe bado wahisi kumpigia Stein hata hapo Maryland ni haramu? Mumeo atasema nini, au usimwambie? Na kama hukubali, wanishauri nifanye nini, lakini usinirudishie 2016 tena tafadhali, niambie wewe ungekuwa hapa na hawa Wakongo wanakuuliza, ungechora wapi? Bakari naye anapiga upande gani, au ndio keshakata tamaa kama alivosema arusini? Na Mama Swabra anatumia dawa gani sasa?

Vituo vya kupiga mapema huku vinafunguliwa tarehe 26, nyinyi nafikiri mwaanza siku mbili kabla. Nijibu kabla ya hapo. Hata kama jibu ni hapana nipigie, Jumapili siko kazini.

Wasalimie wote,
Rukia