Mchango wa matangi ya maji, Goma

Ndugu wapendwa katika Bwana, mlio hapa mjini na mlio mbali,

Tangu waasi wa M23 wauteke mji wetu wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, habari zetu mnazisikia redioni. Sisi leo tunawaandikia kuhusu maji ya kunywa.

Siku zile za vita umeme ulikatika, pampu zikasimama, watu wakateremka ziwani na kunywa walichochota. Kipindupindu tulikuwa nacho tangu zamani, katika kambi za waliokimbia vita. Mpaka leo bomba likikauka, watoto wa kwaya yetu hushuka Ziwa Kivu alfajiri. Yuko mmoja wa miaka tisa, hubeba bidoni la lita 20 mgongoni, kamba ameipitisha kwenye paji la uso kama afanyavyo mama yake. Kamba hiyo imemwachia mstari ambao hata Jumapili, akiimba, tunauona. Akifika shuleni, somo la kwanza limeshapita.

Kisima hatuwezi kuchimba. Chini ya sakafu ya kanisa ni mawe ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002.

Basi wazee wamekubaliana tuweke uani matangi mawili ya lita 5,000, lori lituletee maji, tutie klorini, na jirani yeyote achote bure, Mkristo kwa Mwislamu. Msingi umekwisha: akina mama walibeba kokoto, vijana wakasukuma chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, kutwa nzima. Yamebaki matangi yenyewe, mabomba, koki sita na klorini ya mwaka mmoja. Tunatamani yawe yamesimama kabla shule hazijafunguliwa Septemba.

Tunajua mfuko wa kila mmoja ulivyo. Benki zilipofungwa, mshahara ulibaki ndani ya simu, na ukienda kuutoa wakala anakata chake kwanza. Noti za faranga zimechakaa, zinaungwa kwa gundi, na muuza sombe, majani ya muhogo, anazikataa. Wewe uliye Goma, ilete hiyo noti iliyoungwa, tutaipokea. Huna? Leta siku moja ya kazi. Mlio Nairobi, Kampala, Bruxelles, mzigo mkubwa tunauweka kwenu, na tunauweka bila kuona haya: tumeni kwa simu kwa mweka hazina wa akina mama, mnamfahamu.

Hesabu itasomwa kila Jumapili baada ya matangazo, jina kwa jina. Asiyependa jina lake lisomwe atuambie mapema.